Ndege ya Mbao na Kengele ya Ukoo

10 Machi 2025

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya ndege peke yake. Nilipanga kuandika urefu wa mabawa, aina ya mbao na siku nilizopaka vanishi, ili mtu akiuliza siku moja ilijengwaje apate jibu la mjenzi mwenyewe. Lakini mfungo umenijaza maneno mahali pa chakula, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mimi ni Mikidadi, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha sukari huko bondeni, mzaliwa wa Tabora, mume wa Asia. Nilipokuwa darasa la nne niliona kwenye kitabu cha historia picha ya ndege ya vita vya Wajerumani, ile ya mabawa mawili, moja juu ya lingine. Tangu siku hiyo nataka kuwa na yangu. Wazungu hununua zilizooza wakazifufua mpaka zikaruka tena. Nawatazama kwenye simu hadi bando linakata. Mimi sina ubavu huo, nimejenga ya kufanana nayo: mbao za msindano, waya za breki za baiskeli, kitambaa cha marekani, kipimo kwa kipimo. Huu ni mwaka wa sita. Injini ni ya pikipiki na kazi yake ni kuzungusha rafadha tu, lile panga la mbele. Haitaruka. Watu wakisikia haitaruka hunitazama kama niliyewaibia.

Asia husema amepata mke mwenza mwenye mabawa.

14 Machi

Mvua ya kwanza. Vanishi haikauki.

15 Machi

Mvua. Vanishi haikauki.

19 Machi

Mjomba Hatibu kaja. Ni kaka wa marehemu mama yake Asia, kwa hiyo na mimi namwamkia na kumwita mjomba, naye huniita mkwe. Huku Uluguru ardhi hushuka kwa mama. Mume hata akae miaka thelathini kama mimi, ni mtu aliyekaribishwa kulima tu, na mwenye kauli ni kaka wa mama. Kiwanja pekee cha tambarare katika mteremko wetu wote, pale lilipo banda la ndege, ni cha ukoo wao.

Aliizunguka ndege mara mbili, fimbo kwapani. Akauliza kama inaliwa. Nikasema hapana. Akauliza kama inauzwa. Nikasema hapana. Ndipo akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba mwezi wa sita ukoo utakaa kugawa viwanja, kuna mjukuu wa kike anataka kujenga, na kiwanja kama hiki kukikalisha dude lisiloliwa wala kuuzwa yeye hataweza kukitetea mbele ya watu.

Nimefuturu bila hamu. Miaka sita yote nije kuivunja iwe kuni? Mzee bahili yule, anahesabu hata mafenesi yaliyoanguka yenyewe.

27 Machi

Nimeitwa shuleni kutengeneza madawati. Mwalimu mkuu, Mwalimu Winfrida, ni mtu wa Iringa, mkali na mcheshi kwa zamu. Nikiwa nimeinama na nyundo, kengele ikapigwa. Miaka yote naisikia kwa mbali na kuipuuza, lakini leo nilikuwa chini yake. Inalia kama mtu mwenye mafua. Chuma kizuri kile, kwa nini kiwe na sauti mbovu hivi?

Nikaikagua. Imening'inizwa kwenye mfenesi kwa mnyororo: chuma chenye umbo la papai, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ncha moja imechongoka, nyingine ina kishina kilicholiwa na kutu. Moyo ukaruka. Kinafanana kabisa na mabomu ambayo wazungu wale huyaning'iniza chini ya bawa ili ndege ionekane ya kweli! Ndege yangu haina. Nilicheka peke yangu, Mwalimu Winfrida akauliza kama saumu imenipanda kichwani.

Kengele hiyo ni mali ya ukoo wa Asia, shule imeazimwa tu. Wanasema ni kipande cha mtambo wa reli ya Wajerumani kilichookotwa zamani kule Ngerengere. Ina mwiko wake pia: hupigwa tumboni, kamwe haipigwi kichwani, yaani ile ncha iliyochongoka. Kila mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa hivyo kabla ya a-e-i-o-u. Nilipouliza sababu, Mwalimu Winfrida alisema aliikuta hivyo hivyo.

31 Machi

Idd. Tumekula pilau kwa Mjomba Hatibu. Alipokwisha kunawa nikamwomba kengele. Nikasema sitaki kuichukua moja kwa moja, nataka kuipima ili nichonge ya mti ya kuweka chini ya bawa, na malipo yangu yatakuwa kuitengeneza sauti. Mimi fundi, najua chuma. Kikilia hivyo ndani mna udongo umeganda. Nikitoboa tundu nikautoa, kitalia mpaka Kinole.

Alifuta vidole kimoja kimoja. Nikajua nimekosa. Kisha akasema kengele ile aliipiga yeye mwenyewe miaka minne alipokuwa kiranja, na marehemu dada yake kabla yake, na hajawahi kuisikia ikilia vizuri. Niichukue likizo ya Pasaka. Ikirudi na sauti, atasimama mbele ya ukoo aseme banda libaki, maana mkwe atakuwa amefanya kitu cha kuonekana. "Ila mkwe," akasema, "kichwani haiguswi."

Nimemhukumu mtu huyu haraka. Sikulala mchana kwa furaha.

5 Aprili

Mvua. Bawa la kushoto limepata ukungu. Nimelifuta kwa siki.

9 Aprili

Mvua. Asia ana kifua.

17 Aprili

Shule imefungwa. Nimeibeba kengele begani kutoka shuleni, kilo kumi au zaidi. Pale kwenye mteremko wa migomba niliteleza, nikaketi kwa makalio nikaburuzwa nayo mapajani mpaka chini, watu wakicheka. Sijaumia.

18 Aprili

Nimeibana kwenye jiriwa, meza ile iliyo chini ya bawa la kulia. Nimekwangua kutu, nikaigonga kwa nyundo hapa na pale nikitega sikio. Mahali pote sauti ni ileile, nzito, imejaa. Vipimo nimeshachukua.

Tumegombana. Nilitaka kuanza kutoboa kutoka kwenye ncha, kwa sababu pale chuma kina alama ya mviringo, kama kizibo, na fundi yeyote huanzia kwenye kizibo. Asia, aliyekuwa ananishikia, akaachia mikono. Akasema kichwani hapana. Nikamweleza habari ya chuma na akili. Akasema yeye habishani na akili, lakini mikono yake haishiki chuma hicho kikiguswa kichwani, nitafute wa kunishikia. Nilimwita mshamba. Naandika nilivyosema. Mwishowe, kwa kuwa sina mtu mwingine, nikakubali kutoboa tumboni.

Keekee ya mkono haina haraka. Jioni nimefika unene wa kucha.

20 Aprili

Jana sikuandika.

Jana asubuhi mvua ilikuwa kubwa. Tuliendelea kutoboa. Kama saa nne keekee ikalegea, ikawa inazama bila kazi, nikajua nimefika kwenye udongo. Nikaichomoa. Kwenye ncha yake palikuwa na kitu cha manjano, kama unga uliochanganywa na nta. Nimezaliwa kwenye udongo mwekundu nikahamia kwenye udongo mweusi. Wa manjano wenye mafuta sijauona. Nikapiga picha. Nikasema nitamtumia Erick, rafiki yangu wa Ngerengere, sajenti mstaafu ambaye jeshini kazi yake ilikuwa silaha, na ambaye hunisaidia majina ya ndege za zamani. Nilitaka tu kumringishia.

Hapa kwetu mtandao hushika mahali pamoja, kwenye jiwe chini ya mdalasini, hatua kama mia mbili kutoka bandani. Nikajifunika nailoni nikaenda. Picha ilipofika tu, kabla sijarudisha simu mfukoni, ikaita. Erick hakunisalimu.

"Hicho kitu kiko wapi sasa hivi?"

Nikamwambia kipo kwenye jiriwa.

"Nani yuko karibu nacho?"

Nikasema Asia.

"Sikiliza, kaka. Hiyo siyo kengele. Ni bomu la ndege, la zamani sana, na baruti yake yote imo ndani. Nenda kamtoe mkeo. Usikimbie, usimwite kwa kelele, usiguse chochote. Tembea."

Nilitembea. Sijui nilivyotembea. Nakumbuka nilihesabu hatua kwa sauti, na kwamba nilitaka kujisaidia haja ndogo. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hata ningeita asingesikia. Nilipofika mlangoni nilimwona mgongo. Alikuwa amerudisha keekee ndani ya tundu na anaizungusha, kanga kiunoni, kifua kinambana, anafanya kazi yangu ili nikirudi nikute imekwisha.

Nikaenda nikaweka mkono wangu juu ya wake. "Mama Hamza," nikasema, "acha hapohapo. Twende nje."

Akasema bado kidogo. Kisha akaniangalia usoni, akaachia. Keekee ikabaki imesimama kwenye chuma. Tukatoka kwenye mvua tumeshikana mikono, kitu ambacho miaka thelathini ya ndoa hatujawahi kukifanya mbele za watu. Tulipofika kwenye jiwe nikamwambia. Aliketi kwenye tope. Hakulia. Akasema neno moja tu: "Ulitaka kuanzia kichwani."

Erick alinipigia tena baadaye. Kile nilichokiona kama kizibo ndicho kiwashio chake.

21 Aprili

Mwenyekiti wa kitongoji amewahamisha watu wote wa upande wetu. Tunalala msikitini ng'ambo ya korongo. Jeshi limepewa taarifa, lakini barabara imekatwa na maporomoko na mvua haijapungua.

Mwalimu Winfrida amekuja akiwa hana viatu. Alikaa nasi barazani akihesabu kwa vidole: watoto mia nne kwa mwaka, kengele mara nane kwa siku, tangu shule ianze. Aliacha katikati. Mwaka jana aliwakuta wawili wakiitupia mawe saa za masomo, akasema, akawachapa kwa ajili ya utoro. Mawe hayakumjia hata akilini.

Mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza akanyanyuka. Alipokuwa darasa la tano, akasema, waliwekeana dau na yeye akaipiga kichwani kwa jiwe, mara tatu, ili waone mwiko utafanya nini. Haukufanya kitu. Alikwenda nyuma ya msikiti na tukamsikia akitapika.

22 Aprili

Mvua.

23 Aprili

Mvua. Kutoka hapa naliona banda. Napaswa kufikiria watu, na ninawafikiria, lakini macho yangu yanarudi kwenye bawa la kulia linalotokeza. Bomu liko hatua moja chini yake. Mimi ndiye niliyeliweka pale. Nilitaka kuchonga jingine la mti ili nilining'inize kwa urembo. Nililiona lina sura nzuri. Mbele ya nafsi yangu nasema ukweli huu: miaka yote nimeipenda ndege hii, sijawahi hata siku moja kujiuliza ilikuwa inaangusha nini, na juu ya nani.

26 Aprili

Wanajeshi watano wamefika kwa miguu, tope mpaka mapajani, na kapteni wao, kijana mpole mwenye miwani. Aliingia bandani peke yake. Tuliokuwa ng'ambo tulimsubiri. Alitoka akaja moja kwa moja kwangu. Akanipa shikamoo, akaniuliza ile ndege kama nimeijenga mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema samahani sana, mzee.

Chuma kimetobolewa na keekee bado imo, na kwenye mteremko wa utelezi namna hii hakibebeki. Kitalipuliwa kilipo.

Aliyesema ni Mjomba Hatibu, yule niliyemwita bahili. Alivua kofia mbele ya kijana wa umri wa wajukuu zake akamwomba aruhusiwe kuingia yeye, mzee asiyekuwa na siku nyingi, akatoe walau bawa moja la mkwewe. Akaliomba mara mbili. Kapteni akakataa mara mbili. Nimepigwa na butwaa. Sikujua kuwa aliwahi kuiona ndege yangu kama kitu chenye kufaa kuokolewa.

27 Aprili

Saa tano asubuhi. Mvua ilikuwa imeacha, jua kali. Walizungushia viroba vya mchanga. Tulilala kifudifudi nyuma ya msikiti. Mlio wake uliingia kifuani kabla ya kuingia masikioni, ukaenda ukagonga mlima na kurudi. Hatimaye kengele ya ukoo imelia vizuri.

Kisha vikaanza kuanguka vitu. Majani ya migomba. Vijiti. Kitambaa cha marekani kilishuka taratibu sana, kipande kimoja kirefu, kikatua kwenye mikarafuu. Nililia mbele ya watu wote. Asia alinishika bega na hakusema habari ya mke mwenza.

Mjomba Hatibu hakuwa analia. Alikuwa amekaa, mdomo wazi, anatazama mbingu nyeupe isiyo na wingu. Akasema, "Radi siku ya jua."

Tukadhani amechanganyikiwa. Kumbe hapana. Akatueleza kitu ambacho hata Asia hakuwahi kukisikia, kwa sababu katika ukoo huambiwa wajomba tu. Bibi Mwantumu, aliyemzaa mama yake Mjomba Hatibu, alikuwa na kaka aitwaye Kibwana. Mwaka wa vita vile vya Wajerumani Kibwana alikuwa shambani, akigonga chuma fulani alichokikuta kwenye magimbi. Ikasikika radi, siku ya jua kali, na Kibwana hakuonekana tena, hata cha kuzika hakikutosha. Radi ya jua si ya Mungu, watu wakasema, ni ya kutupiwa kwa uchawi. Wakawashika majirani zao, ukoo mwingine, kwamba ndio waliotupa. Wakawafukuza na watoto wao mpaka bonde la pili. Tangu hapo, akasema, hatuoi kwao, hatuzikani nao, hatunywi maji yao.

Chuma cha pili kilikuwa shambani humo humo. Bibi Mwantumu alikikataza kisiguswe. Mwanawe akakining'iniza shuleni baada ya mama yake kufa, chuma kilikuwa adimu, akasingizia reli ili serikali isimuulize. Kutoka kwa mama yake alikuwa amebaki na kitu kimoja: kichwani hakipigwi. Aliachiwa mwiko, hakuachiwa sababu.

"Miaka mia na zaidi," akasema Mjomba Hatibu. "Na mimi nimewafundisha wapwa zangu kuwaogopa wale watu."



2 Mei

Nimefukia shimo. Katika ndege nzima, mbali na kile kitambaa, kilichopona ni rimu moja ya gurudumu niliyokuwa nimeiacha nyumbani kukaza spoki. Nimempelekea Mwalimu Winfrida iwe kengele. Inalia vizuri. Mwanafunzi wa zamu aliniuliza ipigwe wapi, nikamwambia popote, naye akabaki ameshika nyundo akinitazama kama anasubiri nibadilishe.

6 Mei

Manyunyu. Sina la kuandika.

13 Mei

Mjomba Hatibu amekuja, akasimama mlangoni bila kukaa. Anasema daftari hili nilichukue, nivae kanzu, kesho tunavuka kwenda bonde la pili. Yeye peke yake hawatamwamini. Ukoo umesema uongo mdomoni miaka yote, akasema, safari hii uende na maandishi. Habari ya kiwanja hakuigusa na mimi sikuiuliza.

Naogopa kuliko nilivyoogopa tarehe kumi na tisa Aprili, siku ya keekee.

14 Mei

Tulikuwa watatu: Mjomba Hatibu, Asia na mimi. Saa tatu za njia. Walitupokea barazani kwa Bi Mwamvita, mkubwa wao, mama wa miaka themanini na kitu, na pembeni walisimama wanaume saba ambao hawakutukaribisha kuketi. Mjomba Hatibu alimwamkia yule mama, kisha akapiga magoti. Miguu yake ni mibovu, nilisikia mifupa. Akasema, "Ile radi haikuwa yenu. Tuliwasingizia."

Kisha akaniambia nisome.

Nimesoma yote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Nimesoma nilivyomwita Asia mshamba, nilivyomwita Mjomba Hatibu bahili, hata pale pa haja ndogo. Hakuna aliyecheka. Nilipofika kwa Kibwana, mmoja wa wale wanaume alikwenda akaleta kigoda, akamwinua Mjomba Hatibu kwa makwapa akamketisha. Wengine walibaki wamesimama wakitazama chini. Bi Mwamvita alikuwa anapepesa macho. Akasema mama yake alizaliwa njiani, siku ya kufukuzwa, ndiyo maana hapakuwa na mtu wa kujua tarehe. Akasema amekuwa akijiuliza maisha yake yote kama kweli walitupa. Yeye mwenyewe alikuwa hajui!

Nilihisi aibu ambayo sikuwa na haki nayo, mimi mtu wa Tabora.

Yakaletwa maji. Mjomba Hatibu akayatazama, akayanywa yote. Asia akanywa. Nikanywa.

Tulipokuwa tunaaga, yule mama akaniita nirudi. Nilidhani ana swali juu ya bomu. Akaniuliza mabawa ya ndege yangu yalikuwa na upana gani. Nikashangaa, nikamjibu mita nane. Akasema waliokimbia hawakuchagua, lakini Mungu aliwaangusha huku bondeni, kwenye ardhi ya kunyooka. Akageuka akautazama uwanja wake taratibu, kutoka mkarafuu wa kwanza hadi wa mwisho, akiupima kwa macho.

"Hapo inaingia," akasema. "Ila isiwe na kitu cha kuangusha."

Aliyejibu ni Asia, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Haya. Mke mwenza kapata kwake."

Nimefika nyumbani nikatazama chini ya kitanda. Kuna makopo mawili ya vanishi. Mvua imekatika siku ya tatu leo, itakauka.